Mkanda Mfupi na Kompresa Iliyokwama

Katika gari la injini ya petroli au dizeli, kompresa ya kiyoyozi, yaani pampu inayoigandamiza gesi ya kupozea na kuisukuma izunguke mabombani, kwa kawaida haina mota yake yenyewe, bali huzungushwa na mkanda wa mpira unaoanzia kwenye puli ya krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, na mara nyingi mkanda huo huo ndio unaozungusha alteneta inayochaji betri pamoja na pampu ya maji inayopoza injini. Kwa mpangilio huo ubovu wa kifaa cha starehe huweza kulisimamisha gari zima, kwa kuwa puli ya kompresa ikikwama mkanda huungua au hukatika, na ukikatika betri haichajiwi tena wala maji ya rejeta hayazunguki. Njia inayotumiwa na mafundi wengi kulirudisha gari barabarani bila kununua kompresa nyingine ni kufunga mkanda mfupi kuliko wa awali, unaopita kwenye puli zote isipokuwa ya kompresa. Njia hiyo hufaulu katika baadhi ya injini na hushindwa vibaya katika nyingine, na tofauti haitokani sana na ubora wa mkanda wala na urefu wake, bali na jinsi unavyozikumbatia puli zilizobaki, hasa ile ya krenki.

Kabla ya kufikiria mkanda, hata hivyo, inapasa kujua ni sehemu ipi ya kompresa iliyokufa. Kompresa nyingi zina klachi ya sumaku-umeme: puli huzunguka muda wote juu ya beringi yake bila kuugusa mhimili wa pampu, na dereva anapowasha kiyoyozi umeme wa volti 12 hupita kwenye koili, sumaku ikalivuta bamba la klachi ling'ang'anie puli, ndipo pampu nayo inapoanza kuzunguka. Nafasi iliyopo kati ya bamba na puli wakati kiyoyozi kimezimwa ni ndogo mno, kwa kawaida sehemu ya milimita tu, lakini ndiyo inayozitenganisha hitilafu mbili ambazo gereji nyingi huzichanganya. Ikiwa pampu yenyewe imekwama ndani, mlio na moshi wa mkanda hutokea kiyoyozi kinapowashwa tu, na dawa yake ni kuchomoa plagi ya koili ili klachi isishike tena. Puli itaendelea kuzunguka bila mzigo na mkanda wa awali utabaki mahali pake. Ikiwa kilichoharibika ni beringi ya puli, kelele husikika hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa, puli hucheza inaposukumwa kwa mkono, na kuchomoa plagi hakusaidii chochote. Mkanda mfupi ni jibu la hitilafu hii ya pili peke yake, na si ajabu kwamba sehemu kubwa ya mikanda mifupi iliyofungwa haikuhitajika tangu mwanzo.

Zipo pia kompresa zisizo na klachi, ambazo pampu yake huzunguka muda wote na kiasi cha gesi inayosukumwa hupunguzwa au kuongezwa kwa vali inayoendeshwa na kompyuta ya gari. Puli za aina hiyo huwa na kiungo dhaifu kilichokusudiwa kukatika pampu ikikwama, ili mkanda usalimike, kwa hiyo fundi anapokuta puli inazunguka kwa wepesi huku kiyoyozi hakipozi asikimbilie kulaumu gesi.

Katika magari ambayo kompresa ina mkanda wake peke yake suala lote huwa jepesi. Injini za Subaru za familia ya EJ, zilizomo katika Forester na Impreza nyingi zilizoingizwa Kenya na Tanzania kutoka Japani, zina mikanda miwili ya nje: wa mbele huzungusha alteneta na pampu ya usukani, wa nyuma huzungusha kompresa, ilhali pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa taimingi uliofichwa ndani. Mkanda wa nyuma ukiondolewa hakuna kitu kingine kinachopoteza mwendo, na hakuna mkanda mbadala wa kutafutwa.

Ugumu huanzia kwenye mkanda mmoja unaojipinda katikati ya puli nyingi, mtindo ulioonekana katika Mustang ya Ford ya mwaka 1979 na baadaye kuenea duniani kote. Injini ya Toyota aina ya 1ZZ-FE ni mfano mzuri: mkanda mmoja huzungusha alteneta, pampu ya maji na kompresa, na katika matoleo yenye usukani wa haidroliki huzungusha pampu ya usukani pia, huku kikaza mkanda, yaani puli iliyofungwa kwenye mkono wa springi, kikiuweka mkanda katika mvuto unaofaa. Mhandisi anapozipanga puli hizo hahesabu mzigo wa kila kifaa tu, bali pia huzitumia puli zenyewe kuuelekeza mkanda, na kompresa, ambayo mara nyingi hukaa chini karibu na krenki, huwa na kazi ya pili isiyoandikwa popote: huuvuta mkanda pembeni ili uizunguke puli ya krenki kwa pembe kubwa.

Umuhimu wa pembe hiyo ulielezwa zamani katika kanuni inayohusishwa na majina ya Leonhard Euler na Johann Albert Eytelwein, isemayo kwamba uwiano wa mvuto wa upande uliokazwa wa mkanda kwa ule wa upande uliolegea, kabla mkanda haujaanza kuteleza, hukua kwa kasi ya kipeo kadiri pembe ya mgusano na msuguano vinavyoongezeka. Tuseme, kwa mfano wa kukadiria, msuguano ni 0.5 na mkanda unaigusa puli ya krenki kwa nyuzi 160. Upande uliokazwa unaweza kufikia takriban mara 4 ya mvuto wa upande uliolegea. Kompresa ikiondolewa katika njia ya mkanda na pembe ikashuka hadi nyuzi 110, uwiano hushuka hadi 2.6 hivi. Kwa kuwa nguvu inayozungusha vifaa ni tofauti ya mivuto hiyo miwili, na kwa kuwa mvuto wa upande uliolegea umewekwa na springi ya kikaza na haubadiliki sana, uwezo wa krenki kuusukuma mkanda huwa umepungua kutoka mara 3 hadi mara 1.6 ya mvuto huo, yaani karibu nusu. Mbavu za mkanda, zinazojibana ndani ya mifereji ya puli, huongeza msuguano halisi kuliko uliotumika katika hesabu hii, na mzigo wa kompresa nao umeondoka. Lakini alteneta inayotoa ampea 100 kwa volti 14 inatoa wati 1,400, na kwa sababu ya joto linalopotea huidai injini zaidi ya kilowati 2. Ndiyo maana gari lililofungwa mkanda mfupi huweza kuonekana zima mchana kutwa, kisha mkanda ukaanza kulia usiku wa mvua, wakati taa, vifuta kioo na feni zote zinapodai umeme kwa pamoja.

Mwelekeo wa mzunguko nao hausamehe. Puli inayoguswa na upande wa mbavu huzunguka kwa mwelekeo wa krenki, na inayoguswa na mgongo wa mkanda huzunguka kinyume chake, na katika injini nyingi pampu ya maji imekusudiwa kuzungushwa na mgongo. Njia mpya ya mkanda ikiigeuza pampu hiyo, maji yatasukumwa kwa udhaifu mkubwa na injini itachemka ingawa kila puli inaonekana inazunguka. Vilevile mkanda mfupi unaopita karibu na puli mbovu lazima uwe na nafasi ya kutosha hata unapotikisika, la sivyo utaisugua puli iliyokwama hadi uungue, na ubovu uliokimbiwa utakuwa umerudi kwa mlango mwingine.

Masharti hayo yakitimia ndipo urefu unapotafutwa. Uzi usionyumbuka huzungushwa juu ya puli kwa kuifuata njia mpya, kikaza kikiwa kimeshikiliwa katikati ya masafa yake, kisha uzi hupimwa na kulinganishwa na namba zilizoandikwa mgongoni mwa mikanda: 6PK1740, kwa mfano, ni mkanda wa mbavu 6 wenye urefu wa milimita 1,740, na herufi PK hutaja umbo ambalo mbavu zake hupishana kwa milimita 3.56. Idadi ya mbavu haibadilishwi, kwa sababu mkanda mwembamba hubeba mzigo ule ule kwa nyuzi chache za ndani. Urefu unaruhusu kosa dogo tu, kwani kikaza kinachozungukwa na mkanda kwa nusu duara husogea milimita 5 kwa kila milimita 10 za tofauti, na chenye pembe ndogo zaidi husogea kwa umbali mkubwa zaidi, hata kikafika mwisho wa mkono wake na kuacha kukaza kabisa. Katika maduka ya spea ya Kariakoo au ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ni rahisi kupewa mkanda "unaokaribiana". Kukaribiana huko ndiko kunakorudisha magari gereji.

Ushahidi ulio bora kuliko uzi ni orodha ya spea ya mtengenezaji, pale ambapo injini hiyo iliwahi kuuzwa bila kiyoyozi. Ikiwa orodha inaonyesha mkanda mfupi kwa toleo hilo, njia yake imekwisha kupimwa na waliobuni injini. Ikiwa inaonyesha puli tupu mahali pa kompresa, basi mtengenezaji mwenyewe aliona kwamba pembe ya krenki haipaswi kupotea, na mkanda mfupi haufai hapo. Puli tupu ya namna hiyo, inapopatikana, ni suluhisho imara zaidi kwa sababu huuacha mkanda wa awali katika njia yake. Jingine, ambalo kwa bei ni jepesi kuliko linavyodhaniwa, ni kubadilisha beringi ya puli peke yake, kwa kuwa beringi hizo huuzwa kwa vipimo, na ile ya milimita 35 kwa 55 kwa 20 ni miongoni mwa zinazotumika sana. Fundi mwenye kivuta puli huweza kuitoa bila kuyafungua mabomba ya gesi.

Kutoyafungua mabomba kuna uzito wake. Gesi ya R-134a katika mfumo uliozimwa, kwa joto la nyuzi 30, hukaa katika mgandamizo wa baa 6.7 hivi juu ya ule wa hewa, kiasi cha kumuumiza anayelegeza bomba ovyo, na ikiachiwa huru huchangia kuongeza joto la dunia kwa zaidi ya mara elfu moja ya hewa ukaa yenye uzani ule ule. Mfumo ulioachwa wazi hunyonya unyevu, na kompresa mpya itakayofungwa baadaye itahitaji pia kikausha unyevu kipya. Mkanda unapoikwepa kompresa iliyoachwa mahali pake, mfumo hubaki umefungwa na uamuzi wa kuutengeneza unaweza kungoja fedha.

Katika magari ya mseto kama Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 2003, kompresa huzungushwa na mota ya umeme wa volti za juu, hivyo hakuna mkanda wa kukwepesha. Kwa magari mengine yaliyofungwa mkanda mfupi, namba ya mkanda huo huandikwa kwa rangi isiyofutika ndani ya boneti, kwa kuwa mwenye gari anayefuata akitaja dukani jina na mwaka wa gari lake atauziwa mkanda mrefu wa kiwandani, ambao hautakaza popote.