Nani Husoma Kabla ya Mtoto? Kujichapishia Hadithi za Watoto na Vijana katika Ukanda wa Ziwa Viktoria

Katika istilahi zetu za vitabu, anayepiga chapa ni mpigachapa, na anayesababisha chapa ipigwe ni mchapishaji. Tofauti hiyo imebebwa na mofimu moja tu, -ish-, lakini ndani yake mna kazi nzima: kuchagua mswada, kuuhariri, kuutafutia mchoraji, kuugharimia, kuusambaza na kuujibia mbele ya msomaji. Kitenzi kujichapishia kinaongeza mofimu mbili zaidi. Kiambishi cha utendea, -i-, kinadai mnufaika. Kiambishi cha kujirejelea, -ji-, kinamtaja mnufaika huyo kuwa ni mtenda yuleyule. Kisarufi, basi, mwandishi anayejichapishia hutimiza kazi zote za mchapishaji kwa ajili yake mwenyewe. Mtu wa tatu hana nafasi katika kitenzi hicho, na kitabu cha mtoto huandikwa kwa ajili ya mtu wa tatu.

Makala hii inaichunguza nafasi hiyo tupu kwa kuangalia uchapishaji binafsi wa hadithi za watoto na vijana Mwanza na katika ukanda wa Ziwa Viktoria kwa jumla. Inadai kwamba upungufu mkubwa wa vitabu hivi ni kukosa msomaji wa kwanza, yaani mtu mzima anayeusoma mswada kwa niaba ya mtoto kabla haujafika kiwandani. Inadai pia kwamba sisi wahakiki tumechangia upungufu huo, kwa sababu vitabu hivi hatuvisomi. Tunakisoma kitabu baada ya kuona nembo ya mchapishaji tunayemfahamu, kisha tunaita uteuzi huo kuwa ni wa kifasihi.

Waliosubiri na wasiosubiri

Ukanda huu una kielelezo mashuhuri cha gharama ya kusubiri. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha mswada wa Kikerewe wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali mwaka 1945. Hakupata wa kuuchapisha katika lugha hiyo. Akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980 kwa juzuu mbili. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla ya kuishika nakala ya kitabu chake. Miaka 35 ilikuwa imepita. Riwaya hiyo haikuandikiwa watoto, lakini ni vigumu kutaja kazi nyingine ya Kiswahili inayosimulia kwa kina kiasi hicho namna mtoto wa kisiwani anavyozaliwa, anavyotibiwa, anavyofunzwa kazi na anavyoingizwa katika lugha ya wazazi wake. Kiswahili chake kimebeba maneno ya Kikerewe kwa wingi, pamoja na methali na desturi zinazoambatana nayo. Nitarudi kwenye sifa hiyo, kwa kuwa inahusu moja kwa moja suala la uhariri.

Upande wa kaskazini-mashariki mwa ziwa hilohilo, Kisumu, Asenath Bole Odaga alichagua kutosubiri. Mwaka 1982 alianzisha kampuni ya Lake Publishers and Enterprises, na pamoja nayo duka la vitabu aliloliita Thu Tinda, kauli ambayo msimulizi wa Kijaluo huitumia kufungia ngano. Kupitia kampuni hiyo alitoa, kwa Kiingereza na Kijaluo, tamthilia, ngano na riwaya ambazo nyingi zililenga vijana, zikiwamo The Shade Changes (1984) na Riana (1987). Anayemtumia Odaga kama hoja ya kutetea uchapishaji binafsi hana budi kuangalia tarehe. Vitabu vyake vya watoto vilikuwa vimetolewa na wachapishaji wengine tangu 1966. Alipoamua kujichapishia alikuwa ameshapita mikononi mwa wahariri kwa miaka 16, na mwaka 1985 alitoa kitabu cha kitaaluma kuhusu fasihi ya watoto na vijana nchini Kenya. Msomaji wa kwanza alikuwa amekwisha kujengeka ndani ya mwandishi mwenyewe. Duka la vitabu nalo lilimpa jambo adimu kwa mwandishi, yaani kuwaona wanunuzi wake uso kwa uso.

Tanzania Bara ina mkondo wake. Shaaban Robert, katika miaka yake ya mwisho huko Tanga, alitoa baadhi ya kazi zake kwa jina la Art and Literature. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma na mwandishi wa riwaya pendwa, aliasisi Heko Publishers, na Heko ndiyo iliyotoa Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo (2002), riwaya ya vijana iliyosomwa kwa miaka mingi katika kidato cha tatu na cha nne. Hapa kitenzi chetu kinabadilika. Kampuni iliyoanzia kwenye haja ya mwandishi mmoja ilifika mahali pa kumchapishia mwandishi mwingine, -ji- ikadondoka. Riwaya ya Mbogo, pamoja na maudhui yake mazito ya watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na kuishia jalalani, ilipita mikononi mwa mtu mwingine aliyekuwa na sababu ya kuisoma kwa makini kabla ya kuitolea fedha.

Soko lililomtangulia mwandishi

Mtu atauliza kwa nini mwandishi wa Mwanza asipeleke mswada wake Dar es Salaam. Wengi hupeleka. Jibu huchelewa, au haliji. Lakini umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 unaeleza sehemu ndogo tu ya tatizo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, uliinua fasihi ya watoto ya Kiswahili kwa utaratibu rahisi na wa busara: kati ya nakala 5,000 alizopiga mchapishaji, mradi ulihakikisha kununua 3,000 na kuzipeleka shuleni. Hatari ya hasara ilipungua, wachoraji wakapata kazi, wahariri wakajifunza lugha ya watoto. Sina shaka kwamba bila mradi huo rafu za vitabu vya watoto zingekuwa tupu katika muongo ule. Hata hivyo utaratibu huo uliwatambua wachapishaji, na wachapishaji walikuwa Dar es Salaam. Aliyekuwa Nansio au Sengerema aliweza kufaidika endapo tu kampuni ya mbali ingemkubali kwanza.

Kitabu kinachotaka kuingia shuleni huhitaji ithibati ya Kamishna wa Elimu. Namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Hayo si mageni. Jipya ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo humpa mshindi wa kwanza fedha na pia kuuchapisha mswada wake kwa ajili ya shule. Kuongezwa kwa hadithi za watoto katika tuzo hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini tuzo huchagua wachache, na mwandishi ambaye mswada wake haukushinda hurudi palepale alipokuwa, mlangoni kwa mpigachapa.

Mahari, mahali na mwalo

Mpigachapa hana wajibu wa kusoma. Anapokea faili, anapanga kurasa, anapiga. Matokeo yake katika vijitabu vinavyouzwa Mwanza huonekana kwanza katika tahajia, na hapa mwanaisimu ana la kusema kuliko kulalamika. Kisukuma hakina fonimu /r/ inayopambanua maana na /l/. Vitamkwa vya dh, th na gh navyo havimo katika lugha nyingi za ukanda huu. Mwandishi aliyekulia katika lugha hizo huandika anavyosikia, na wakati mwingine, kwa kuogopa kukosea, husahihisha hata pasipohitaji kusahihishwa. Kura na kula hubadilishana nafasi, vivyo hivyo dhana na zana. Katika hadithi inayomhusu msichana anayelazimishwa kuolewa, mada inayopendwa sana na waandishi wa vijana, jozi ya hatari ni mahari na mahali. Sentensi kama "Baba yake alikwisha kupokea mahali" (mfano ni wangu) humwacha msomaji wa miaka kumi na miwili akiwa hajui ni nini kilichopokelewa, wakati uzito wote wa hadithi uko kwenye neno hilo.

Waandishi wengi siku hizi hutegemea programu ya kusahihisha tahajia. Programu haitaona kosa lolote katika sentensi hiyo, kwa kuwa mahali ni neno sahihi la Kiswahili. Itakachokipigia mstari mwekundu ni neno kama mwalo, yaani mahali pa kuegesha mitumbwi na kupokelea samaki, neno ambalo kila mtoto wa Kirumba au Ukerewe analijua. Mashine hupitisha kosa na kukamata hazina. Mwandishi asiye na mhariri hufanya mambo mawili kwa mkupuo: anaacha mahali, anafuta mwalo na kuweka bandari.

Lakini mhariri wa mbali naye si salama. Kwa muda mrefu vitabu vya watoto vya Kiswahili vimekuwa na maji ya aina moja, yaani bahari, yenye ngalawa, pweza, kusi na kaskazi. Mtoto wa ziwani amejifunza kusoma kuhusu maji asiyoyajua huku akiishi kando ya maji yasiyoandikwa. Karabai za wavuvi wa dagaa zinazong'aa usiku kama mji ulioelea, kokoro linalovutwa na watu wengi, mabondo ya sangara yanayouzwa ghali, michembe anayobeba mtoto kwenda shule: haya yanastahili kuwa msamiati wa kawaida wa hadithi, yasiwe mapambo ya kienyeji yanayohitaji maelezo chini ya ukurasa. Chukua neno furu. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka katika Ghuba ya Mwanza. Mtoto wa leo huenda asimwone furu kwa wingi ambao babu yake alimwona. Akikutana na jina hilo katika hadithi, anakutana na historia ya ziwa lake. Mhariri asiyejua tofauti ya furu na sato ataandika "samaki", na sentensi itabaki sanifu, safi na tupu.

Ndiyo maana nimemtaja Kitereza. Kiswahili chake kingeweza kunyooshwa hadi Ukerewe yote ikatoweka. Haikutoweka, na riwaya inasomwa leo kwa sababu hiyohiyo. Mhariri anayehitajika ukandani ni yule anayejua kosa la kimatamshi ni lipi na msamiati wa mahali ni upi, asiyeyaweka yote mawili katika kapu la "Kiswahili kibovu". Idara zetu za Kiswahili zinafundisha fonolojia, leksikografia na fasihi. Watu wenye ujuzi huo wanahitimu kila mwaka, na baadhi yao wanaishi mwendo wa daladala moja kutoka kwa mpigachapa.

Msomaji au mtahiniwa

Tahajia ndiyo inayoonekana haraka. Kasoro ya pili ni ya kisimulizi, nayo naiona kuwa nzito zaidi. Kwa kuwa mwandishi anayejichapishia hutegemea kuuza shuleni, humwandikia mwalimu mkuu. Hadithi husimama kila baada ya kurasa chache ili mzee fulani atoe nasaha. Mwishoni huongezwa msamiati na maswali ya ufahamu, hata pale ambapo hadithi yenyewe haina fumbo la kuulizia. Mtoto anageuzwa mtahiniwa kabla hajawa msomaji. Ngano za bibi zake zilikuwa na mafunzo pia, lakini zilimwacha kwanza acheke, aogope na aimbe pamoja na msimulizi.

Picha nazo zinafuata hesabu ya kiwanda. Rangi kamili huhitaji sahani nne badala ya moja, na gharama ya sahani ni ileile ukipiga nakala 200 au 5,000. Basi jalada hupata rangi, na kurasa za ndani hubaki nyeusi na nyeupe, mara nyingi bila mchoro wowote. Athari yake kwa utanzu ni kubwa: riwaya fupi ya vijana, isiyodai picha, ndiyo inayomudika, na mtoto wa miaka minne hadi saba, ambaye kwake picha ni nusu ya matini, anaachwa karibu bila kitabu cha ziwani.

Mitambo ya dijitali inabadilisha hesabu hiyo kwa namna ambayo uhakiki haujaizingatia. Haihitaji sahani. Mwandishi anaweza kupiga nakala mia, akauza, akarudi na faili lilelile au lililorekebishwa, akapiga mia nyingine. Ukurasa wa hakimiliki mara nyingi haubadiliki. Mwaka na neno "toleo la kwanza" hubaki palepale. Nakala mbili za kitabu kimoja zenye jalada moja zaweza kuwa matini mbili tofauti. Mtafiti anayenukuu kitabu cha aina hii hana budi kuandika alikinunua lini na wapi, na kulinganisha nakala zaidi ya moja kabla ya kutoa hukumu juu ya lugha yake. Anayehakiki riwaya iliyopigwa nakala 5,000 huandika wakati jambo limekwisha. Tahakiki ya kitabu cha nakala mia, ikichapishwa katika jarida kama hili na kumfikia mwandishi kwa wakati, inaweza kumkuta akiwa bado na faili wazi, mahali ikarudi kuwa mahari na mwalo ukarudi ulipofutwa, kabla mia ya pili haijapigwa.