Bitana ya Jino

Koti likipelekwa kwa fundi kurekebishwa, kabla hajagusa mkasi hulipindua. Anaitazama bitana: imekatwaje, imeshikizwa wapi, inavuta au imelegea. Nami nimelipindua gego langu la chini kwa njia pekee niliyo nayo, picha ya eksirei. Gego hilo lilizibwa miaka mingi iliyopita kwa amalgamu, ile dawa ya rangi ya fedha yenye zebaki. Kwenye kioo nilikuwa naona kizibo tu. Pichani naona tabaka: juu weupe mkali wa madini, chini yake weupe uliofifia kidogo, na chini kabisa, jirani na kiini cha jino, mstari mweusi mwembamba kama wino uliochuruzika.

Sisi wahakiki tumezoea kuuliza maudhui kwanza, fani baadaye. Hapa maudhui ni mafupi: jino lisiume. Yaliyobaki yote ni fani.

Amalgamu hupitisha joto upesi, kama kijiko cha bati kilichosahauliwa ndani ya kikombe cha chai. Dentini, tabaka la jino lililo chini yake, nayo si ukuta mfu. Imejaa vijia visivyoonekana kwa macho, makumi ya maelfu katika milimita moja ya mraba karibu na kiini, na ndani yake mna majimaji yanayosukumwa huku na huku kila kunapokuwa na moto au baridi. Shimo likiwa la kina, kizibo hukaa karibu mno na mshipa wa fahamu. Ndiyo maana ya bitana: kitambaa kigumu kisikwaruze ngozi.

Mstari mweusi wa pichani ni chokaa. Si mfano wa maneno. Ni haidroksaidi ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimwa, ileile iliyoshikilia mawe ya matumbawe katika kuta za Mji Mkongwe na ileile inayopakwa jani la tambuu. Mjerumani Bernhard Hermann aliiingiza katika tiba ya meno mwaka 1920. Mtafuna tambuu anayezidisha chokaa anajua inavyochoma ulimi, na uchomaji huo ndio uliotafutwa. Chokaa hiyo ina ukali wa alkali unaopita 11 katika kipimo cha pH. Ikigusa kiini huunguza tabaka la juu kidogo tu, na kiini, kwa kujihami, hujenga dentini mpya chini ya jeraha. Kinaya hiki ndicho kinachonivutia kuliko yote katika kazi hii: mlinzi anaanza kwa kuumiza. Hata hivyo daraja la dentini linalojengwa hivyo si la kusifiwa mno, kwani mara nyingi lina vitundu vinavyopenya upande hadi upande.

Juu ya chokaa, ule weupe uliofifia ni saruji ya oksidi ya zinki iliyokandwa kwa eujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu. Aliyekulia Pemba haambiwi kitu akiingia kwenye chumba cha daktari wa meno wa zamani. Pua yake inafika kabla yake. Chokaa peke yake ni laini, isingehimili amalgamu inavyoshindiliwa kwa nguvu, kwa hiyo karafuu iliwekwa kama sakafu juu yake. Kisha hupakwa vanishi ya kopali, utomvu wa jamii ya sandarusi, ulioyeyushwa katika kimiminika kinachoruka hewani na kuacha utando wa mikromita chache. Hupakwa mara mbili, maana mkono wa kwanza huacha matundu. Utando huo hauonekani pichani. Ni lazima uuamini tu.

Mpangilio wa tabaka hizi unafaa kusomwa polepole. Sakafu ikiwa ya chokaa au karafuu, vanishi huja mwisho, kabla ya amalgamu. Ikiwa sakafu ni saruji ya fosfati ya zinki, ambayo huwa na asidi kali ikiwa mbichi, vanishi hutangulia ili asidi isizame kwenye vijia vya dentini. Vifaa ni vilevile, mikono ni ileile, lakini ukivigeuza nafasi, maana inageuka. Mshairi anayejua kwa nini kina cha kati hakiwezi kuhamia mwisho bila kuvunja ubeti hahitaji maelezo zaidi.

Sasa kasoro. Bitana ikichungulia chini ya pindo, hata mpita njia anajua fundi alikosea. Chokaa ya kizibo ina sheria hiyohiyo: ibaki chini, isipande hadi ukingoni, kwa sababu unyevu huiyeyusha kidogo kidogo. Katika picha yangu mstari mweusi haukubaki sakafuni. Upande wa nyuma umepanda ukuta hadi ukafika mdomoni mwa shimo. Daktari alipoitazama mwaka jana alidhani jino linaoza upya, kosa linaloeleweka, maana chokaa za zamani zisizo na kiungo cha kuzuia eksirei huonekana nyeusi sawasawa na uozo. Alipochimba upande ule hakukuta uozo wala chokaa. Alikuta uwazi.

Ningeishia hapo kama fani yenyewe isingekuwa imebadilika. Mwaka 1955 daktari wa meno Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli, ganda gumu la nje la jino, ikiparuzwa kwa asidi ya fosforiki, plastiki huing'ang'ania. Miaka ya 1960 zikafuata dawa za rangi ya jino zinazogandishwa na kunatishwa kwenye jino lenyewe. Kwa hizo bitana ya zamani ni mgeni mbaya: eujenoli huzuia plastiki kuganda vizuri, vanishi huziba njia ya gundi, na kila eneo lililofunikwa kwa chokaa ni eneo ambalo kizibo hakikushika. Tena plastiki haipitishi joto kama madini. Sababu iliyozaa mtindo imeondoka, mtindo ukabaki kwa mazoea. Uchambuzi wa shirika la Cochrane wa mwaka 2016 haukupata ushahidi thabiti kwamba bitana chini ya vizibo hivyo vya meno ya nyuma hupunguza maumivu baada ya kuzibwa.

Pale shimo linapokaribia sana kiini, kinga ya kiini bado ina hoja, na hapo siku hizi hutumika pia saruji ya jamii ya Portland, ile ya majengo, iliyosafishwa na kutiwa kiungo kinachoonekana kwa eksirei. Ilitoka kwa Mahmoud Torabinejad na wenzake huko Loma Linda, Marekani, mwaka 1993. Kutoka chokaa hadi saruji, kinywa kimefuata njia ya nyumba zetu.

Hukumu yangu kwa kizibo cha zamani: mpangilio ulikuwa sahihi, mkono ulikuwa mzembe kwenye pindo. Kipya, nilichowekewa badala yake, hakina sakafu wala vanishi. Kina nukta moja ya saruji, ndogo kuliko punje ya mtama, kwenye kona iliyo karibu na kiini, na chai ya moto naipitisha upande huohuo.