Neno "Tiba" Juu ya Kopo la Mkorogo

Apitaye masokoni Bukoba, au katika magulio ya Muleba, huyakuta makopo ya vipodozi yamepangwa, na muuzaji akiyasifu kwa neno moja: tiba. Tiba ya chunusi, tiba ya madoa, tiba ya weusi! Hilo la tatu ndilo la kushangaza, kwani weusi umekuwa maradhi tangu lini? Katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu amezitaja tofauti za rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake.

Lakini liko kosa jingine, nalo limo katika mawaidha. Waidhi husoma Sura An-Nisaa, aya ya 119, juu ya kubadili maumbile, kisha huishia hapo. Binti mwenye chunusi za usaha, mama aliyetokwa na madoa usoni alipochukua mimba, kijana mwenye mabaka meupe, wote huambiwa wasubiri. Basi huenda kwa muuza makopo, kwani yeye angalau amewatazama. Na dini haikusema hivyo. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea habari ya Arfaja, aliyepoteza pua yake siku ya Kulab, akatia ya fedha ikamnukia, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru atie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kuondoa dosari ni jambo moja, na kuikataa rangi uliyoumbwa nayo ni jingine.

Liwa na singo, wanazozijua mabibi zetu wa pwani, ni pambo, ukioga zimekwisha. Mkorogo haukwishi hivyo. Zebaki huingia mwilini ikadhuru mafigo, na mtoto anayebebwa kifuani huipata pia. Haidrokwinoni, ikipakwa muda mrefu bila uangalizi, yaweza kuleta weusi wa kibuluu usioondoka, yaani kinyume cha kile kilichonunuliwa! Dawa kali za jamii ya steroidi hulainisha uso kwa majuma machache, kisha ngozi huwa nyembamba. Ukiacha, vipele hurudi kwa nguvu, nawe hurudi dukani. Choa kikipakwa dawa hiyo hujificha tu huku kikienea.

Serikali imevikataza vipodozi vyenye sumu hizi, na tangu 2019 usimamizi wake uko kwa Shirika la Viwango, TBS. Lakini Mutukula ni mlango wa bidhaa nyingi, na kopo huingia mfukoni.

Afadhali nauli ya kwenda kwa mganga wa hospitali. Aliye Muleba aweza kuanzia Rubya, Ndolage au Kagondo. Wa mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Likizidi, aombe barua ya rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au hata KCMC, Moshi, ambako tangu miaka ya 1990 kipo chuo cha kufundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Akifika aulize: maradhi haya yaitwaje? Dawa hii naipaka majuma mangapi? Mwanamke aseme kama ana mimba au ananyonyesha, kwani ziko dawa za chunusi zinazoharibu mtoto tumboni. Na lile kopo la zamani asilitupe njiani kwa kuona haya. Aende nalo, daktari alisome.