OpenBMC kwenye barabara ya Embu hadi Meru: pakua kwanza, jenga baadaye

Ndani ya seva nyingi mna kompyuta ya pili, ndogo, ambayo haizimiki hata seva ikizimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Huitwa BMC. Ndiyo inayowasha mtambo, kupima joto na kuendesha feni, na ndiyo inayomwezesha msimamizi aliye Nairobi kuishughulikia seva iliyoko Meru bila kupanda matatu. Programu dhibiti yake kwa kawaida ni siri ya mtengenezaji, na siri hiyo imewahi kuwaponza watu. Mwaka 2017 ilibainika kwamba iLO 4, BMC ya Hewlett Packard Enterprise, ilifunguka bila nywila ukiitumia ombi la HTTP lenye herufi A 29 mfululizo mahali fulani.

OpenBMC ni programu huria ya kazi hiyohiyo. Wahandisi wanne wa Facebook walitengeneza toleo la majaribio kwenye hakathoni mwaka 2014. Mwaka uliofuata IBM na Rackspace wakaja na mradi wao wenye jina lilelile. Machi 2018 Linux Foundation ikaupokea mradi mmoja, uliojengwa juu ya kazi ya IBM.

Maelekezo yake ya kuijenga ni mafupi ajabu: nakili hazina ya msimbo, andika `. setup romulus` (romulus ni jina la ubao unaoulenga), kisha `bitbake obmc-phosphor-image`, usubiri. Aliyeyaandika hakumfikiria mtu wa Runyenjes au Chuka anayenunua bando na kupotelewa na stima jioni. (Mabwawa ya umeme ya mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yako mlangoni mwa Embu. Ujirani huo haujamsaidia mtu taa zikizimika.)

Ugumu uko kwenye BitBake, chombo cha mradi wa Yocto kinachosimamia ujenzi wote. Kompyuta yako ina prosesa ya x86, ilhali chipu ya BMC ni ya ARM, kwa hiyo BitBake huanza kwa kujenga kompaila yake yenyewe. Baada ya hapo hujenga kerneli ya Linux, maktaba, systemd, na mwishowe vijiprogramu vya OpenBMC. Ni maelfu ya kazi ndogondogo zinazokula makumi ya gigabaiti za diski, ili mwishoni upate faili ya megabaiti 32.

Ukiiachia ifanye inavyotaka, huchanganya kupakua na kujenga, na hapo ndipo bando na subira huisha pamoja. Vitenganishe. Amri `bitbake obmc-phosphor-image --runall=fetch` huleta karibu msimbo wote bila kujenga chochote. Iendeshe mahali penye mtandao wa uhakika. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu, au wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, ana chuoni mtandao wa KENET, unaohudumia vyuo. Kerneli ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa sababu huja kwa git, na git ikikatika katikati ya kunakili huanza upya kutoka sifuri. Msimbo ukishatimia, beba folda ya `downloads` kwenye diski ya nje, ielekeze `DL_DIR` huko, na uandike `BB_NO_NETWORK = "1"` kwenye `local.conf`. Kuanzia hapo unaweza kujenga sehemu kubwa ukiwa nyumbani bila bando; ukurasa wa wavuti tu huenda ukahitaji mtandao tena, kwa kuwa npm huvuta vifurushi vyake wakati wa kujenga.

Kukatika kwa stima kunatisha kuliko kunavyodhuru. Kila kazi ikikamilika, BitBake huiweka alama, na matokeo ya kazi kadhaa muhimu huhifadhiwa kwenye `sstate-cache`. Umeme ukirudi, unaandika amri ileile na ujenzi unaendelea. Kinachopotea kwa kawaida ni zile kazi chache zilizokuwa zikiendelea.

Adui anayedharauliwa ni RAM. BitBake huhesabu viini vya prosesa mara mbili: huendesha kazi nyingi kwa pamoja, na ndani ya kila kazi kompaila nyingi. Viini vinane vinaweza kuzaa kompaila 64. Node.js, inayohitajika kwa ajili ya ukurasa wa wavuti wa OpenBMC, huimaliza kumbukumbu hadi Linux ianze kuua michakato, nawe utaona kosa lisiloeleweka na kudhani msimbo ni mbovu. Weka `BB_NUMBER_THREADS = "2"` na `PARALLEL_MAKE = "-j 2"`. Ujenzi utachelewa, lakini utafika. Na usiijenge OpenBMC ukiwa `root`, maana BitBake itakataa.

Romulus ni ubao wa IBM wenye chipu ya ASPEED AST2500, na huhitaji kuwa nao. QEMU, programu ya kuiga mashine, huuiga kwa `-M romulus-bmc`. Unaingia kama `root`, nywila `0penBmc`, ikianza na sifuri. Dunia nzima inaijua nywila hiyo, kwa hiyo ibadilishe kabla ya kuigusa mashine halisi. Lakini usijaribu kuiandika OpenBMC kwenye seva yoyote ya mtumba: hujengwa kwa ajili ya ubao maalumu, na mashine nyingi za HP na Dell zinazouzwa Nairobi hazimo kwenye orodha yake.