Kipaza Sauti Kando ya Kinu

Redio haina harufu wala ladha. Mtangazaji akisema mlenda wa Dodoma ni mtamu, msikilizaji hajaambulia kitu. Ndiyo maana nawaheshimu sana waandishi wa redio waliochagua kuzunguka Kongwa, Bahi na Chamwino wakifuatilia habari za chungu na ghala, katika mkoa ambao Bunge lingeweza kuwashibisha habari mwaka mzima.

Mwenye ufundi huu huanza na sikio. Hunasa majani makavu yakitwangwa, chekecheke likitikiswa, maji ya magadi yakitokota, mwiko ukikoroga huku unga wa mlenda ukinyunyizwa kidogo kidogo. Maswali huja baadaye. Aliyekulia Mpwapwa na sasa anaishi Dar es Salaam akisikia mchi ule, huhitaji kumweleza zaidi.

Tena mapishi haya ni habari nzito. Kanda ya Kati ina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na sehemu kubwa ya Dodoma hupata takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mboga mbichi hazidumu. Mama anayeanika majani mwezi wa nne ndiye mwenye mboga mwezi wa kumi. Uwele na mtama vimeshikiliwa Ugogo, nchi ya Wagogo, kwa sababu hiyohiyo: huvumilia jua ambalo mahindi hayaliwezi. Wazee wa huku walirithishwa simulizi za Mtunya, njaa iliyotokea mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi kuchukua mifugo, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, kumuuliza mtu amekula nini ni kugusa heshima yake.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwandishi mzuri. Hamwulizi mzee mbele ya wajukuu kama nyumbani kuna njaa. Atajibiwa kwamba hawajambo. Huamkia kwanza kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akakaa, akapokea maji, akasifu ng'ombe. Kisha huuliza mwaka huu walianza lini kununua unga. Akijibiwa mwezi wa nane, amekwisha kujua kihenge kilikauka lini, na mzee hajavunjiwa heshima. Nalihesabu swali hilo kuwa uandishi wa hali ya juu. Na bibi akichanganya Kiswahili na Kigogo, mwandishi humwacha amalize. Wapo wanaoikata sauti kama hiyo na kuisimulia upya kwa Kiswahili cha studio. Wanapoteza kilicho bora.

Kazi hii ina mizizi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchini kote: walisikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975, baada ya ukame na uhaba mkubwa wa nafaka, ikafuata Chakula ni Uhai. Waliobuni kampeni zile walielewa kwamba matangazo hukamilika pale wanaosikiliza wanapoanza kubishana wao kwa wao. Vipindi vya leo vinavyopokea simu kutoka vijijini vimerithi hekima hiyo, hasa mkulima wa zabibu wa Hombolo anapopata nafasi ya kutaja hewani bei aliyopewa, na mwenzake wa Makutupora akaisikia kabla hajauza.

Chakula hakitengani na ngoma. Baada ya mavuno, wanawake wa Kigogo hubana ngoma za muheme katikati ya miguu na kuzipiga, na mwandishi aliyekuja kuuliza habari za mtama huondoka na kipindi kizima cha jamii. Hukwe Zawose aliupeleka muziki wa Wagogo hadi majukwaa ya Ulaya. Lakini wale wanaouimba shambani bila jukwaa wanamtegemea mtu mwenye kinasa sauti na muda wa kutosha.

Ninachowaombea waandishi hawa ni hifadhi. Kipindi kikisharushwa, mara nyingi sauti hufutwa ili kupata nafasi ya nyingine. Vituo vyetu vizitunze, kila moja na jina la kijiji, mwaka, na zao lililokuwa shambani. Ukame ujao ukifika, bwana shamba na mwandishi kijana waweze kufungua mafaili na kumsikia bibi wa Chamwino akieleza, kwa mdomo wake, ni majani gani aliyoanika na yalimfikisha mwezi gani.