Pongezi kwa Hoteli za Garissa

Hoteli za Garissa zinastahili pongezi kwa kuwa zinafuata kwanza desturi za wenyeji: mahali pa kuswalia, maji ya udhu, chai ya maziwa ya ngamia, wali na nyama ya mbuzi. Anayetoka Nairobi kwa mapumziko ya siku mbili hukuta humo ukarimu wa Kisomali usioigwa popote, na karibu na mji kuna Mto Tana na twiga wa hifadhi ya Bour-Algi. Wapo watakaotaja shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, lililoua watu 148. Hofu yao ni ya haki, na msafiri aulize hali ya usalama kabla ya kuondoka. Lakini wapishi na wahudumu walioendelea kupokea wageni baada ya msiba ule hawastahili kususiwa kwa kosa la wauaji. Joto la Garissa nalo lina dawa: tembea alfajiri, mchana pumzika kivulini, utoke tena baada ya alasiri, wafanyavyo wenyeji.