Leta inajua kutuhesabu, lakini si siku ya kilio

Ndugu zangu wa diplome, na ninyi wadogo zetu ambao bado muko ku oditwari, nianze na swali. Kalehe, mwezi wa tano 2023, ni watu wangapi walikufa? Usifungue telefone kwanza. Jibu vile unavyojua.

Mmoja atasema mia nne na kitu. Mwingine atasema hapana, ni maelfu. Ukiuliza mtu wa Bushushu mwenyewe atakujibu: "Nani anajua, ndugu yangu?" Na kati ya hao watatu, huyu wa mwisho njo anasema kweli.

Tukumbushane. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya alhamisi, mvua kali ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Mito ikatoka njiani mwake, ikashuka na mawe, miti na udongo mpaka kando ya ziwa. Bushushu na Nyamukubi zikafagiliwa. Na alhamisi ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, kwa hiyo mle kijijini hamukuwa wenyeji peke yao. Kulikuwa wamama wenye mizigo kutoka sehemu zingine, wachuuzi, watu wa mitumbwi. Hesabu iliyotangazwa na wakubwa ilipita wafu 400. Kisha ikaja hesabu ya pili, ile ambayo mpaka leo inanikosesha usingizi: watu zaidi ya 5,000 hawajulikani walipo.

Soma tena vizuri. Waliopotea ni zaidi ya mara kumi ya waliokufa. Sasa hiyo ni hesabu gani? Mimi niliona pale Leta inasema tu, kwa lugha ya adabu, kwamba haijui.

Serikali ilifanya nini? Ilifanya kile inachojua. Jumatatu tarehe 8 Mei ikatangazwa siku ya maombolezo ya kitaifa, bendera nusu mlingoti. Ujumbe wa wakubwa ukatoka Kinshasa, komunike zikasomwa, ahadi zikatolewa mbele ya kamera. Wakati huo watu wa Msalaba Mwekundu na vijana wa pale walikuwa wanachimba kwa mikono na majembe, wanafunga maiti katika mablanketi, wanazika wengi pamoja ndani ya shimo moja. Daktari Mukwege alituma waganga wake kutoka Panzi. Watu wa société civile walilia juu ya namna ile ya kuzika, na walikuwa na haki. Lakini hata shimo la pamoja lingeweza kuwa na orodha. Kuandika "shimo hili, maiti hawa, mavazi haya, mahali walipookotwa" kunahitaji daftari na kalamu. Ndege haihitajiki.

Juu ya maombolezo nina neno moja la pembeni. Mwezi wa kumi na mbili 2022 mvua iliua watu zaidi ya 120 Kinshasa, na serikali ikatoa siku tatu za maombolezo. Miezi mitano baadaye, kwa wafu zaidi ya 400 wa Kalehe, siku moja. Sisemi watu wa Kinshasa hawakustahili zile tatu. Ninauliza tu nani anapima, na kwa kipimo gani.

Bon. Kuna rafiki zangu, tena watu wenye akili, wanaoniambia: "Wewe unalaumu serikali juu ya mvua?" Hapana. Mvua haina chama. António Guterres, ambaye wikendi ile alikuwa Burundi, alitaja mabadiliko ya hali ya hewa, na hakukosea. Ila mvua ile haikuwa ya kwanza. Mwezi wa kumi 2014, hapo hapo teritware ya Kalehe, mvua ilibomoa nyumba zaidi ya 700, na watu zaidi ya 130 wakatajwa kuwa wamepotea. Toka pale mpaka 2023 ni karibu miaka tisa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amefika shule ya msingi akiwa bado analala kando ya mto uleule. Kama mara ya kwanza watu walipotea 130 na hakuna aliyeulizwa, juu ya nini tunashangaa mara ya pili wakiwa 5,000?

Wengine wanasema: umaskini. Leta haina vyombo, haina watu, haina njia ya kufika kijijini. Hapa njo nataka tukae kidogo, juu hii sababu ndiyo inayotudanganya zaidi.

Munakumbuka mwanzo wa mwaka ule wa 2023? Wengi wenu munakumbuka kuliko mimi, kwa sababu mulifanya ile kazi. CENI ilikuwa inaandikisha wapiga kura. Walifika vijijini na mashine, na batri, na paneli za jua, kwa gari, kwa pikipiki, kwa mtumbwi, na mahali pengine kwa mabega ya vijana. Kivu ya Kusini ilikuwa katika awamu ya mwisho ya kuandikisha, wiki chache tu kabla ya mvua ile. Mtu mzima alikaa mbele ya kamera, akapigwa picha, vidole vikachukuliwa, jina la baba, jina la mama, kijiji cha asili, mahali anapokaa. Akaondoka na karte mkononi. Nchi nzima, karibu watu milioni 44. Njia mbovu zilikuwepo, vita vilikuwepo, umaskini ulikuwepo. Kazi ikafanyika, na uchaguzi ukafanyika tarehe 20 Desemba.

Kwa hiyo siku mvua iliposhuka, Leta ilikuwa na majina, picha na vidole vya watu wazima wa Kalehe, wino bado mbichi. Sijasikia hata mara moja kwamba mtu alifungua orodha ile ili atafute waliopotea, kijiji kwa kijiji. Sijasikia waziri akisema: tunalinganisha orodha ya wapiga kura na walionusurika. Pengine kungekuwa na vizuizi vya sheria, sawa. Sheria inaweza kuomba ruhusa. Lakini hata wazo lenyewe halikutoka mdomoni mwa mtu. Jina lako lina kazi siku ya kura. Ukifa kesho yake, linarudi kuwa lako peke yako.

Nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Mvua za wiki ileile ziliua watu zaidi ya 120 upande wa pili wa ziwa, Rwanda, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei. Ndani ya muda mfupi hesabu ikatoka wilaya kwa wilaya. Najua kile serikali ile inafanya kwetu, na siko hapa kuipigia makofi, hata kidogo. Lakini hasira yetu kwa jirani isitufanye tukubali kwamba kuhesabu wafu ni utajiri wa wengine. Ni mvua moja, ziwa moja, milima ya namna moja.

Sasa kuna anayeuliza: hesabu itasaidia nini? Mfu hafufuki. Swali hili linaulizwa na mtu ambaye hajapoteza mtu bila maiti.

Chukua mama mmoja, wa mfano tu, ambaye bwana yake alienda soko la Nyamukubi na hakurudi. Hakuna mwili, hakuna karatasi. Je, huyo mama ni mjane? Kwa Leta, hapana. Bado ana bwana. Parsele iko kwa jina la bwana, na shemeji tayari wanaanza kuiangalia. Watoto wanafukuzwa shule, akienda kuomba msaada wa mayatima anaulizwa cheti cha kifo cha baba. Akitaka kuolewa tena, kanisa linamuuliza, ukoo unamuuliza. Sheria yetu ya familia inatambua mtu aliyepotea katika hatari ya kufa, na tribinali inaweza kutangaza kifo chake. Lakini nani atamlipia njia mpaka tribinali, nani atamwandikia barua, na atapeleka ushahidi gani, ikiwa hakuna orodha yoyote inayosema kwamba siku ile bwana yake alikuwa pale? Zidisha kwa 5,000. Hiyo njo shida yenyewe. Komunike ilisema "wamepotea" na ikanyamaza, na neno lile likaacha maelfu ya nyumba katikati: hazina baba, na hazina ruhusa ya kusema hazina baba.

Na musifikiri Kalehe ni peke yake. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, ikitoka Minova. Barabara ya Minova ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo kila mtu na kila gunia lilipita majini. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema watu 278 walikuwa ndani na 78 walikufa. Hesabu za ofisi zingine hazikulingana na yake, na siku zilizofuata zikabadilika tena. Orodha ya majina ya abiria ambayo familia zingeweza kuiamini, hatukuiona. Watu walizama mbele ya macho ya wenzao waliosimama nchi kavu, video ikazunguka dunia, na bado hatukujua ni wangapi.

Kisha ikaja Januari 2025. Mwezi uliofuata, Waziri Mkuu Judith Suminwa alisema kule Genève kwamba zaidi ya watu 7,000 walikufa mashariki tangu mwezi wa kwanza, na kwamba maiti zaidi ya 2,500 walizikwa bila kutambuliwa. Hapa najua Goma ilikuwa imetoka mikononi mwa serikali, na siwezi kuidai orodha ya mahali ambapo haiko. Lakini mtu anayesimama mbele ya dunia na kusema 2,500 bila majina, wakati Kalehe, mahali ambapo serikali yake ilikuwepo, nako haina majina, anapungukiwa nguvu ya kuaminiwa. Wale wanaotaka kukana vifo vyetu wanafurahi. Hesabu isiyo na majina kila mtu anaivuta upande wake. Kishishe tuliona vilevile: waziri mmoja alisema 272, Umoja wa Mataifa ukaanza na 131, na siku nyingi zikaenda katika kubishana juu ya namba, wauaji wakiwa wanakula na kulala.

Mzizi wake ni wa zamani. Hesabu ya watu wote ya mwisho katika nchi hii ilifanywa mwaka 1984. Mobutu alikuwa madarakani, nchi ilikuwa Zaïre. Wengi tunaosoma ukurasa huu hatukuwa tumezaliwa. Kila serikali toka pale imeahidi nyingine. Sisi wa takwimu tunafundishwa iniversite namna ya kuhesabu watu, tunapata diplome, kisha tunaishi katika nchi ambayo haijawahi kutuhesabu. Mwalimu wetu alikuwa anatuambia tutumie makadirio. Sawa, kwa mipango ya maji na shule, makadirio yanaweza kusaidia. Ila hakuna mtu anayemlilia mtoto wa makadirio.

Kwa hiyo sitamaliza kwa kudai mawaziri wajiuzulu. Tumedai mingi sana, na koo zimekauka. Ninadai kitu kidogo ambacho hawawezi kusema hakina bajeti: kwa kila msiba, orodha ya majina, iliyotiwa sahihi, iliyobandikwa mlangoni kwa chefu wa lokalite na kwenye ofisi ya teritware, kabla ya bendera kushushwa nusu. Waliokufa upande huu, wasioonekana upande ule. Familia ipite, isome, isahihishe.

Na kwa vile wengi wetu tulishika zile mashine za kuandikisha na sasa tumekaa bila kazi, kazi hii tunaijua. Kwa Kalehe bado haijachelewa sana, wazee wa vijiji wangali hai, na wamama wanakumbuka nani alibeba kikapu gani siku ile. Daftari lenye sehemu sita linatosha: jina, jina la baba, jina la mama, kijiji, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na nani anashuhudia. Swali linalobaki ni la mhuri. Likijaa, ni ofisi gani itakubali kulipokea na kutia sahihi? Mwenye kujua mtu ndani ya teritware, aniandikie.